Sikio Langu la Kuume, Msituni Kalehe

Mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tukiwinda wanyama waharibifu wa mashamba, kwa kuwa ninyi mlioingia kazini juzi mnapewa bunduki, karatasi ya safari na buti, kisha mnaambiwa mwende. Sisi hata buti hatukupewa. Ninaandika nikiwa nyumbani kwangu Bagira, kwenye meza ya chakula ambayo siku hizi ninaikalia peke yangu. Mke wangu alifariki mwaka mmoja kabla ya retraite yangu, yaani kustaafu, watoto wako Kinshasa na Kisangani, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba sivai mashine yangu ya sikio hadi jioni, jirani anapopita kunisalimia. Asubuhi nani atanisemesha? Naokoa betri. Basi mkiona nimeandika kwa urefu, mjue sababu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali mpya ya kaki, mke wangu ameitia wanga na kuipiga pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Niliona nimependeza. Muzee Birindwa, mwindaji wa serikali aliyekuwa amebakiza miaka mitatu kazini na aliyeagizwa kunifundisha, aliniambia nitembee kutoka kwenye gari hadi kwenye mti na kurudi. Nikatembea.

"Iyo suruali iko naongea," akasema. "Enda utoe."

Nikaanza kazi ya serikali nikiwa na kaptula ya kuazima, upupu ukinila mapaja, na bunduki begani. Somo lile lilinikaa. Muzee Birindwa hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyoyasema yalihusu sauti karibu yote. Alitufundisha kutembea kwa ukingo wa mguu, kufunga funguo kwa kitambaa, kutokula vitunguu siku ya kutoka, na kusimama saa nzima bila kukohoa. Alisema kwamba msituni macho yanafika hatua ishirini tu, zaidi ya hapo mtu anawinda kwa masikio.

Maneno hayo hamtayaelewa bila kuwajua mbwa wa milimani. Mbwa wale hawabweki wakifukuza mnyama. Ndiyo maana huvishwa shingoni kengele ya mti, yenye ulimi wa mfupa ndani yake. Mbwa akiwa ananusa tu, kengele hugonga mara moja moja. Akiamsha nguruwe mwitu na kumfukuza, hugonga mfululizo, nawe uliyesimama mahali pako unajua wanakuja kutoka wapi, na unageuza mwili wako na bunduki upande huo kabla hujaona hata jani likitikisika. Wanaume wa kijiji huzunguka na mbwa upande wa juu, mwindaji na pisteur wake, yaani mfuata nyayo mwenye mkuki, hungojea chini. Kila mmoja amepangiwa nafasi yake na haiachi mpaka mkubwa wa uwindaji apige mluzi. Mtu akiacha nafasi yake, mnyama hupitia hapo na kumjeruhi mwenziwe, au risasi humpata yeye mwenyewe. Kwa watu wa Kalehe hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Pisteur wangu aliitwa Murhula. Alikuwa mtu wa Kalehe, rika langu, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna kijiti siku nzima. Nilipewa yeye baada ya Muzee Birindwa kupumzika, na tulikuwa pamoja miaka kumi na mmoja. Ofisini mjini tuliitana citoyen huku na citoyen kule, yaani raia, kama tulivyoamriwa, na majina yetu ya ubatizo tuliyaacha mlangoni. Murhula aliniita chef tu, hata tukiwa wawili tunachoma viazi, nami nilimwita Murhula.

Sasa niseme habari ya masikio. Bunduki tulizopewa zilikuwa za kalibre douze, na hakuna aliyewahi kutuambia tuzibe masikio. Anayepiga kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linalokaa mbele, karibu na mdomo wa bunduki, na ndilo linalokufa kwanza. La kwangu lilikufa bila kuniaga. Kwanza walipotea ndege wadogo, nikadhani wamehama. Kisha mke wangu akaanza kuniambia kila jambo mara mbili, la pili kwa hasira. Kisha sikio la kulia nalo likaanza kufifia. Tukikaa kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, na wenzangu, mtu akisimulia kichekesho, niliangalia nyuso zao na kucheka wakicheka. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu sana. Ni upweke wa ajabu, kwa sababu umezungukwa na watu na wote wanadhani uko nao.

Murhula ndiye aliyetambua. Siku moja juu ya Kalehe tulikuwa tumesimama, kila mtu mahali pake, nami nikasikia kimya kitupu. Ghafla mkono ukanishika bega la kushoto ukaligeuza. Niligeuka, nguruwe akatokea, nikapiga. Kengele ilikuwa imegonga dakika nzima na sikuisikia.  Tangu siku hiyo Murhula aliacha kusimama hatua kumi kushoto kwangu, kama kanuni ilivyotaka, akawa anasimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kunifikia kwa mkono. Wanakijiji walidhani ndiyo namna ya mjini. Miaka saba tuliwinda hivyo, kwa masikio yake na bunduki yangu, na kwenye ripoti za ofisi za miaka hiyo yote saba mtakuta jina moja tu, langu.

Halafu ikaja barua kutoka juu kwamba kila mwenye bunduki ya serikali apimwe afya, macho na masikio. Niliisoma mara tatu. Sikuogopa kuitwa kiziwi, niliogopa kuketi. Ningewekwa kwenye dirisha la kupokea barua, nikisema "rudia tafadhali" mpaka uzee. Nilikwenda Ibanda kwa mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa akipima masikio ya watoto. Alikuwa ameishi kwetu miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu hasa. Akaniweka vifaa kichwani, akanipima, akatoa kabatini mashine ya sikio iliyokuwa imetumiwa na mtu mwingine.

Wengi wenu mmeona zile ndogo za kuning'inia nyuma ya sikio. Ile yangu ilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wa pakiti ya sigara, kinachokaa mfukoni mwa shati, na waya unapanda chini ya kola mpaka kwenye kitufe kinachoingia sikio langu la kulia.

"Masere, haiko ya pili?" nikamwuliza.

"Iko hii moja tu. Sikiliza muzuri, papa. Hii itakupa sauti. Haitakuonyesha fasi sauti inatokea. Mutu anajua fasi kwa masikio mbili. Kwa moja, kila kitu kitakuwa upande wa kuume. Ukae nayo kwa nyumba miezi tatu, bibi yako akuite huku na huku, ujifunze kutafuta na macho. Unafanya kazi gani?"

"Kazi ya bureau," nikamjibu, kana kwamba ninakaa ofisini.

Uongo wa kwanza huo. Kwa daktari wa serikali niliingia na kofia kichwani na shati limefungwa mpaka juu, tukazungumza dakika tano, nikamjibu yote, akagonga muhuri. Nadhani hata yeye alikuwa na haraka.

Kama kuna miongoni mwenu atakayefikwa na haya, nampa niliyojifunza, kwa kuwa hakuna aliyenifundisha. Kisanduku kisikae mfukoni kikigusana na kitambaa, kila ukipumua utasikia mtu anakunjakunja magazeti. Kivalishe kipande cha sponji. Kofia ya ukingo mpana ikigusa sikio, mashine hupiga mluzi, nao nguruwe huusikia kabla yako. Upepo ukivuma, utasikia upepo peke yake. Kabla ya kufyatua, shusha sauti kwa kidole gumba, la sivyo mlio wa bunduki utakupiga ndani ya ubongo. Jasho na ukungu ni adui, ukirudi kambini weka mashine kwenye kopo lenye mchele mkavu uliokaangwa. Betri nunua mbili mbili kwa wauza redio, moja itakuwa imekufa tangu dukani.

Nilikuwa mwangalifu kwa hayo yote. La miezi mitatu ndilo sikulitimiza. Nilikaa nayo nyumbani siku tisa. Siku ya kwanza nilimsikia mke wangu akiimba jikoni, kitu ambacho sikujua kama bado anakifanya, nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya nyumba. Furaha ile ilinilevya. Siku ya kumi tukaitwa Kalehe, nguruwe walikuwa wamemaliza mihogo ya bonde zima.

Njiani nilimwonyesha Murhula kisanduku. Akakishika, akakigeuza, akanirudishia.

"Unasikia sasa?" akauliza.

"Nasikia hata kijiti unakula."

"Na kengele ya mbwa?"

"Yote. Leo simama kwa fasi yako, kama bapisteur bengine. Usinishike tena."

 Aliutoa mkono wake kwenye chuma cha lori na kuuweka mapajani, akaangalia ziwa mpaka tukafika. Nimefikiri sana juu ya kimya kile. Nilimwambia kama mtu anayemfukuza mtumishi, na alikuwa amenibeba miaka saba.

Tulipangwa. Mimi nilisimama kwenye kichaka cha mianzi, Murhula hatua kumi kushoto kwangu, karibu na jiwe, juu kidogo ya mteremko. Mbwa wakafunguliwa. Nikaisikia kengele. Tok, halafu kimya, halafu tok. Jamani, ilikuwa nzuri. Nilisahau alichoniambia mtawa, au tuseme nilikumbuka nikajiona mimi ni mwindaji, si mtoto wa shule. Kengele ikashika kasi. Ilikuwa upande wangu wa kulia, wazi kabisa, nami nikageuza mwili na bunduki kulia, nikangoja.

Nguruwe alitoka kushoto. Sikumwona. Nilichosikia ni Murhula akipiga kelele, na kelele hiyo nayo ilikuwa kulia. Nikakimbia kulia. Nilikimbia hatua arobaini, hamsini, nikipasua mianzi, nikimwita jina, na kila nikisimama kusikiliza nilimsikia bado yuko kulia kwangu, nami nikizidi kwenda. Aliponyamaza ndipo niliposimama. Nilielewa pale pale, nikiwa nimesimama katikati ya majani bila mtu. Kila kitu nilikielewa.

Wanaume wa kijiji walimfikia kabla yangu. Jino la nguruwe lilikuwa limempasua paja hadi mfupani, na alikuwa amebiringika chini ya mteremko, mbali na jiwe. Walimfunga kwa nguo zao wakambeba. Mkubwa wa uwindaji, Muzee Kahasha, alisimama kwenye jiwe, akaangalia chini alikolala Murhula, akaniangalia mimi niliyekuwa nimerudi mahali pangu pazuri, na bunduki yangu safi.

"Huyu alikuwa wapi?" akaniuliza. "Juu ya nini haiko kwa fasi yake?"

Kofia ilikuwa kichwani, waya chini ya kola. Ningefungua vifungo viwili tu vya shati, angeelewa.

"Aliondoka," nikasema.

Kule ofisini nililiandika kwa Kifaransa kizuri: pisteur aliacha nafasi yake bila amri. Ripoti ile iko bado kwenye kabati la chuma, faili lake, si langu. Ninyi ndio mna ufunguo sasa. Itoeni, mbandike karatasi hizi juu yake, ili anayelisoma jina la Murhula alisome pamoja na haya.

Aliandikwa kwamba hafai kwa kazi. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Hospitali sikwenda kumwona. Nilijiambia nina safari, na kweli nilikuwa na safari, nilizitafuta. Miaka tisa niliyoendelea nilipewa mapisteur wanne, vijana wazuri, kila mmoja akasimama hatua kumi kushoto kama inavyotakiwa. Nilijifunza kutafuta na macho, nikapata baadaye mashine nyingine, sikumwumiza mtu tena. Lakini msituni nilikuwa peke yangu, na mezani kwenye kambi nilikuwa peke yangu, na mke wangu aliponiuliza mbona siku hizi simtaji Murhula, nilijifanya sikusikia. Hiyo ndiyo faida pekee ya ukiziwi, nami niliitumia vibaya.

Retraite yangu mliihudhuria. Palikuwa na bia ya Primus na hotuba. Wiki iliyofuata nilipanda lori kwenda Kalehe.

Murhula alikuwa ameketi mbele ya nyumba akichambua maharagwe, mguu umenyooshwa upande. Hakuinuka.

"Karibu, chef."

"Haiko chef tena. Nilipata retraite."

"Njo maana umefika," akasema.

Nilikaa kwenye jiwe upande utakaoniwezesha kumsikia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayasema yote bila mpango: mtawa, siku tisa, kulia na kushoto, ripoti. Aliendelea kutupa maharagwe mabovu pembeni. Nilipomaliza akasema:

"Unaniambia miye? Miye nilikuwa pale. Nililala chini na kukuangalia ukikimbia. Niliita, we unaenda. Nilijua ni ile kisanduku."

"Juu ya nini haukusema?"

"Kwa nani? We njo ulikuwa na karatasi."

Mke wake, Mama Nsimire, ambaye wakati wote alikuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyenieleza mengine. Kwao, siku ya kuwinda, mkubwa wa uwindaji hupita asubuhi na mbwa, nyumba kwa nyumba, anasimama mlangoni na kuita mtu kwa jina. Asiyeitwa haendi. Hatukanwi, hanyimwi salamu, nyama huletewa. Lakini haitwi. Miaka tisa mbwa walikuwa wakipita mbele ya mlango ule bila kusimama, na Murhula aliamka kila mara na kuketi kitandani mpaka wapite.

"Haiko mimi unapaswa kuambia," Murhula akasema. "Enda ambia bale."

Muzee Kahasha alikuwa uani kwake na wanaume saba, wanafunga kengele za mbwa kwa kamba mpya, kwani kesho yake walikuwa wanatoka. Jua lilikuwa bado juu. Niliomba ruhusa ya kusema. Kwanza nilivua kofia, nikafungua shati, nikawaonyesha mashine, kwa kuwa sikutaka kujipa nafasi ya kurudi nyuma. Kisha nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikitoka kulia.

Muzee Kahasha aliweka chini kengele aliyokuwa anaifunga.

"Ile siku, nani alisimama kwa fasi yake?"

"Murhula."

"Nani aliacha yake?"

"Ni mimi."

"Sema tena. Uyu wa nyuma hakusikia."

Nikasema tena. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alitema mate, lakini pembeni, wakarudi kwenye kamba zao. Nilitarajia waniulize neno, waniite mwongo, wanifukuze. Nilisimama pale mpaka nikaona kwamba nimekwisha kuwa mgeni anayewazuia kazi, nikaondoka.

Murhula hakuniuliza wamesema nini. Alinipa mahali pa kulala, kwani kwao mgeni hafukuzwi, na mama akanipa ugali na sombe, majani ya mihogo.  Nililala na mashine sikioni, jambo ambalo huwa sifanyi, linaumiza.

Kulipokucha kengele zikaja. Nilifungua macho nikamwona Murhula ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, ameinamisha kichwa. Kengele zikakaribia, zikagonga moja moja, kisha zikanyamaza mbele ya mlango.

"Murhula," sauti ya Muzee Kahasha ikaita.

Hakuinuka mara moja. Nadhani hakuiamini. Ikaita mara ya pili, na mkewe akamgusa mgongo. Ndipo alipochukua mkuki uliokuwa umelala juu ya dari, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akatoka. Nilisogea mlangoni. Hawezi kutembea haraka na mguu ule, nao wanaume wakapunguza mwendo, mbwa wakawekwa kamba wasimwache. Hakugeuka kuniangalia. Walipanda hivyo, taratibu, mpaka mgomba wa mwisho ukawaficha.

Mimi hakuna aliyeniita. Mama Nsimire aliniletea chai nje, akaniambia kamio ya Bukavu, yaani lori, inapita saa nne. Nikamshukuru, nikaenda kukaa kando ya barabara.